Kiti cha mfalme kwenye sebule ya Tanga

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Tanga, nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Tumemaliza kujenga na sasa tunatafuta samani za sebuleni. Mume wangu ameona kwenye simu viti viwili vya ngozi nyeupe vyenye miguu ya chuma iliyopishana kama herufi X, vinaitwa Barcelona, pamoja na meza ya kioo ya chini. Kuna fundi amekubali kuvitengeneza kwa kufuata picha. Mama mkwe anahamia kwetu mwezi ujao. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Mimi naviona vizuri, ila sioni vitakalikaje. Mume wangu anasema sina jicho la urembo. Je, kiti kikiwa kizuri sana lazima kiwe cha kutazama tu?

Jibu: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kumaliza nyumba. Nianze na lile lililokuuma. Jicho la urembo unalo, maana umesema mwenyewe kwamba unaviona vizuri. Ulichofanya baada ya hapo ndicho ambacho mbunifu wa samani anatakiwa kukifanya kabla hajashika penseli: umemkalisha mama mkwe wako kwenye kile kiti, ndani ya mawazo yako, ukaona anavyohangaika kuinuka. Shemeji naye hajakosea kukipenda. Ni kati ya viti vizuri kuliko vyote vilivyobuniwa karne iliyopita, na mimi nimekipenda tangu nilipokiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa useremala. Ninachotaka mkijue nyote wawili ni kwamba kiti hicho kilitengenezewa mtu fulani na siku fulani, na hilo picha ya simu haiwezi kuwaambia.

Ilikuwa mwaka 1929. Hispania iliandaa maonyesho ya kimataifa mjini Barcelona, na Ujerumani ikajenga banda lake pale. Usifikirie mabanda ya Sabasaba. Hili lilikuwa la marumaru, vioo na nguzo za chuma zinazong'aa, na ndani karibu hakukuwa na kitu. Aliyelibuni ni msanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe, akishirikiana na Lilly Reich, mwanamke ambaye jina lake huachwa mara nyingi picha hizi zinaposambazwa. Siku ya ufunguzi, mwezi Mei, mfalme Alfonso wa 13 na malkia wake walikuwa wapokewe mle. Basi vikatengenezwa viti viwili vya ngozi nyeupe, vikawekwa mbele ya ukuta wa jiwe la oniksi. Inasimuliwa kwamba mfalme na malkia hawakuvikalia kabisa. Mapema mwaka 1930 banda likabomolewa, na lile ambalo watalii wanapiga nalo picha leo lilijengwa upya miaka ya 1980.

Sasa itazame tena ile miguu iliyopishana. Katika Roma ya kale, mahakimu na watawala walikuwa na kigoda cha kukunja chenye miguu ya X, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukikalia. Mies alilichukua umbo lile kwa makusudi. Kwa hiyo kabla hujauliza kama kiti kinastarehesha, chenyewe kimeshatangaza kwamba hapa anakaa mkubwa.

Sisi watu wa pwani tangazo hilo tunalifahamu, na tuna jina lake: kiti cha enzi. Kama hujawahi kukiona kwa karibu, kipo kwenye makumbusho ya Lamu. Mpingo mweusi, vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa kimoja kimoja, mgongo ulionyooka, vidirisha vya kamba zilizosukwa kwa mistari, na chini kibao cha kuwekea miguu. Kikalie nusu saa, utaona kinavyokudai unyooke. Hakikuumbwa kwa ajili ya kujinyoosha. Kilitengenezwa ili mkubwa au mgeni wa heshima aonekane, na kazi hiyo kiliifanya vizuri sana huko Lamu, Pate, Siyu na Unguja. Lakini wenye nyumba walijua mahali pake. Kwa maongezi marefu kulikuwa na baraza ya mawe nje, kwa kulala mchana kulikuwa na kitanda cha kamba, kwa kazi za nyumbani kulikuwa na mkeka. Hakuna aliyemwambia bibi akachambulie mchele kwenye kiti cha enzi.

Kiti cha Barcelona ni kiti cha enzi cha wenzetu. Shida inaanza kinapotolewa mbele ya ukuta wa oniksi na kupewa kazi ya kila siku ya sebule ya familia.

Nikueleze nililoliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja hapa Dar es Salaam nikashauri juu ya mapazia. Sebuleni kulikuwa na viti viwili vya namna hiyo, nakala zilizotengenezwa na fundi. Mama mzazi wa mwenye nyumba akatoka chumbani kunisalimia, akakaa nami kwa heshima ya mgeni. Tulipomaliza kusalimiana akataka kuondoka. Mkono wake wa kulia ukashuka pembeni kutafuta pa kushika, ukakuta hewa. Akausogeza kwenye mto, mto ukateleza mbele kidogo. Akajaribu kushika chuma cha mguu, nacho kiko chini mno na kimekwenda nyuma. Mwishowe akaulaza mwili ubavu, akaweka goti moja kwenye zulia, akashika ukingo wa meza, akainuka. Nilikuwa nimeshasimama kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. "Acha tu mwanangu, nimeshakizoea." Mapazia sikuyazungumza tena siku ile. Nilizungumza na mwenye nyumba kuhusu viti.

Sababu ya tabu ile ipo kwenye umbo lenyewe. Kiti halisi kina upana na kina wa karibu sentimita 75 kila upande, na mbele kikalio kiko kwenye sentimita 43 hivi. Ukisoma 43 utadhani ni kimo cha kawaida, na kweli ni cha kawaida. Ila kikalio kimeinamia nyuma, na ni kirefu kwenda ndani, kwa hiyo ukiegemea makalio yanashuka na magoti yanabaki juu. Ili mtu asimame lazima aupeleke mwili mbele mpaka uzito uwe juu ya nyayo. Kijana anafanya hivyo kwa misuli ya mapaja. Mwenye magoti mabovu anafanya kwa mikono, na kiti hiki hakina pa kuweka mikono. Ongeza na jasho: kwenye joto la Tanga ngozi inagandana na mwili, na mtu anayegandana na kiti anainuka kwa shida zaidi.

Hayo ni ya kiti halisi. Wewe hutapata kiti halisi, utapata kiti kilichotazamwa kwenye simu, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Kiti halisi hutengenezwa na kampuni ya Knoll ya Marekani na kinauzwa kwa maelfu ya dola. Fremu ya mwaka 1929 ilikuwa ya chuma cha kromu kilichofungwa kwa bolti. Mwaka 1950 Mies akairekebisha iwe ya chuma cha pua kilichounganishwa bila bolti. Juu ya fremu inapita mikanda ya ngozi, na mito yake hushonwa kwa vipande 40 vilivyokatwa kutoka ngozi ya ng'ombe mmoja ili rangi na unyumbufu vilingane. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye picha. Picha inaonyesha X na vitufe vya juu ya mito.

Fundi wako atachukua chuma bapa cha kawaida kilichopo dukani, atakipinda, atakichomelea pale miguu inapopishana, atasugua, kisha atakipeleka kupakwa kromu au atapuliza rangi ya fedha. Uzito wote wa mkaaji unapita kwenye makutano yale. Kila mtu anapokaa na kuinuka chuma kinanepa kidogo, na kama kuchomelea hakukuingia ndani ya chuma, ufa unaanza kimyakimya chini ya rangi. Kwenye mji wenye chumvi hewani kama wenu, kutu itaingia mahali hapohapo. Badala ya mikanda ya ngozi ataweka mikanda ya leksini, yaani ngozi bandia, ambayo baada ya miezi inalegea na kiti kinazidi kuzama katikati. Na hiyo ngozi nyeupe itakuwa leksini pia. Utando wa juu wa leksini nyingi hauwezani na joto lenye unyevunyevu. Unapasuka penye mikunjo, kisha unabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mtoto wa miaka mitatu akishaona kipande kimoja kimebanduka, vilivyobaki atavimaliza yeye.

Sisemi hivi kumdharau fundi. Mafundi wetu wana mikono mizuri. Nasema tu kwamba umbo ni rahisi kuliiga kuliko kilicho ndani yake, na hata mabingwa wenyewe waliumia hapo. Chukua kiti cha Verner Panton wa Denmark, kile cha plastiki cha kipande kimoja kilichojipinda kama herufi S, ambacho nacho kinapendwa sana kwenye picha siku hizi. Umbo lilikuja mapema, likasubiri miaka mpaka ipatikane plastiki ya kulibeba. Kilianza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 1967, na mwaka 1979 kikasimamishwa kwa sababu plastiki iliyotumika ilikuwa inazeeka na kuvunjika. Kilirudi baadaye kwa plastiki nyingine. Ikiwa kiwanda cha Ulaya chenye wahandisi wake kilihangaika namna ile na umbo moja, usimbebeshe fundi wa mtaani kazi hiyo kwa picha ya simu.

Au mtazame Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani ambaye hakuna shule ya usanifu isiyomtaja. Katika ofisi za kampuni ya Johnson Wax mjini Racine, jengo lililofunguliwa mwaka 1939, aliwabunia wafanyakazi viti vya miguu mitatu. Kwa macho vilipendeza na vililingana na jengo lile lenye mikunjo. Kwa mkaaji, asipokanyaga chini kwa miguu yote miwili kiti kilimwangusha. Ikabidi viongezwe mguu wa nne. Na Wright huyohuyo aliandika kwamba karibu maisha yake yote alikuwa na alama za michubuko kutokana na samani alizozibuni mwenyewe. Nakutajia hayo ili shemeji asidhani kwamba wewe ndiye wa kwanza kuuliza swali hili. Limeulizwa na makatibu waliodondoka.

Meza ya kioo nitaisema kwa ufupi. Nyingi zinazoonyeshwa kwenye simu zinaiga ile ya Isamu Noguchi iliyotoka mwaka 1947, yenye vipande viwili vya mbao vilivyoegemeana na kioo juu. Kioo cha ile meza kina unene wa karibu sentimita 2 na kingo zimelainishwa, na uzito huo ndio unaokifanya kitulie bila kufungwa. Nakala za mtaani hutumia kioo chembamba, mara nyingi cha dirisha, na kikivunjika kinatoa vipande virefu kama visu. Kimo chake ni kama sentimita 40, na kwa mtoto wako wa miaka mitatu hapo ni karibu na uso wake anapojikwaa. Mpaka mtoto huyo afike darasa la pili au la tatu, wekeni stuli ya mbao yenye pembe za mviringo. Kama shemeji hakubali, basi kioo kiwe cha aina ile inayovunjika punjepunje kama kioo cha dirisha la mlango wa gari, na muone kwa macho yenu mahali kilipokatwa na kusuguliwa.

Sasa nijibu swali lako lenyewe. Hapana dada, si lazima. Na ushahidi wangu ni kiti kimoja cha mbao.

Hans Wegner wa Denmark alianza akiwa kijana mdogo, mwanafunzi wa fundi seremala mjini kwao Tønder, kabla ya kusomea ubunifu. Mwaka 1949 akatoa kiti cha mkono chenye mgongo na mikono iliyounganika kuwa ubao mmoja unaomzunguka mkaaji, kikalio cha henzirani au ngozi. Ukikitazama kutoka nyuma hutaona pa kuongeza wala pa kupunguza. Mwaka 1960, John Kennedy na Richard Nixon walipokutana Chicago kwenye mdahalo wa kwanza wa televisheni wa wagombea urais wa Marekani, viti vilivyowekwa vilikuwa hivyo. Kennedy alikuwa na maradhi ya mgongo ya miaka mingi. Mbele ya mamilioni ya watazamaji, kiti kilitakiwa kipendeze na kimbebe mtu mwenye maumivu kwa wakati mmoja, na kiliweza.

Ukipitisha kiganja kwenye mkono wa kiti kile, unapita pale kiwiko kinapotua, kisha unajipinda kwenda mgongoni. Huo mpinduko ndio watu wanaousifu kwa uzuri, na upo pale kwa sababu kiwiko kinatua pale. Wegner aliujua kwa sababu alikuwa seremala, alikuwa na mbao mkononi na mtu mbele yake. Nikiona kiti kipya cha bei kubwa, naangalia jambo hilohilo: yale mapinduko na zile kona, zimefuata mwili wa nani?

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Pesa ya viti viwili vya X ningeitoa kwa viti viwili vya mkono vya mninga au msaji uliokauka vizuri, vimeunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iingie kwenye tundu la mwenzake, visitegemee misumari. Mto uwe wa sponji ya kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Muulize muuzaji uzito huo kabla ya bei, na ukikandamiza kwa ngumi sponji irudi yenyewe mara unapoondoa mkono. Kitambaa kiwe cha pamba nzito au kitani, chenye zipu ili kifuliwe. Rangi nyeupe nayo inawezekana kabisa ikiwa foronya inavuliwa. Kinachochosha ni nyeupe isiyoweza kuvuliwa.

Na shemeji asinyimwe. Nyumba inahitaji kitu kimoja cha kutazama, na mtu aliyejenga ana haki ya kuingia ndani na kufurahi. Ila kiwe kimoja, na kikae mahali ambapo hakuna anayelazimika kukikalia: kwenye varanda ya kuingilia, au kona yenye mwanga wa dirisha. Na kwa kuwa mko Tanga, kwa nini heshima hiyo kipewe kiti cha mfalme wa Hispania? Wapo mafundi wa Lamu na Unguja ambao bado wanachonga kwa mkono. Kiti cha enzi kimoja mbele ya ukuta mweupe kitamshangaza mgeni kuliko nakala ya kromu ambayo ameshaiona kwenye simu yake. Nina upendeleo hapo, nakiri, lakini nimeviona vyote viwili ndani ya nyumba za watu na sijaona nakala ya kromu ikizeeka vizuri.

Kama bado ameshikilia Barcelona, msibishane kwa maneno. Hotelini na kwenye ofisi nyingi kubwa utavikuta. Nendeni pamoja na mama, mkae. Yeye shemeji akae bila kuinuka kwa muda wa mechi nzima, dakika 90, kisha atazame mama anavyosimama.

Kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, pima mambo matatu nyumbani. Mkalishe mama kwenye benchi gumu, bila viatu, nyayo zote chini. Kwa futikamba pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, uongeze sentimita 3 hadi 5. Hicho ndicho kimo cha kikalio baada ya mto kubonyea, kwa sababu mwenye magoti mabovu anainuka kwa urahisi zaidi kutoka juu kidogo. Pima tena kutoka nyuma ya goti hadi mgongoni, upunguze vidole vitatu, uwe urefu wa kikalio kwenda ndani. Kisha mwambie akunje viwiko kama anayetaka kujisukuma, upime kutoka kwenye benchi hadi kiwiko. Mikono ya kiti iwe hapo au chini kidogo, na ifike mpaka ukingo wa mbele wa kikalio, isikatike njiani, maana pale mbele ndipo atakapoweka viganja akiinuka. Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, umpe fundi pamoja na picha ya umbo mnalolipenda, na umwambie kwamba penye kugongana kati ya picha na namba, afuate namba.